Msalaba Aliojivika Mahjub bin Adam

Kwa Kiswahili, mtu huvikwa nishani. Mkono wa mkubwa ndio unaoibandika kifuani. Kazi ya anayevikwa ni kusimama wima, kupiga saluti na kurudi mstarini. Kisa hiki ni cha mtu aliyeomba kuvikwa nishani ya msalaba, akakataliwa, akajivika mwenyewe na kutembea nayo hadharani katika Berlin ya Hitler. Mtu huyo alikuwa mtoto wa Dar es Salaam.

Wazazi wake walimwita Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, wakati wa Mjerumani. Ulaya alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, na anayetafuta habari zake atazikuta zaidi chini ya jina hilo. Hapa nitamwita Mahjub, jina alilotoka nalo nyumbani.

Baba yake alikuwa askari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, na alipanda mpaka cheo cha efendi. Ngazi ya Mwafrika iliishia hapo. Juu ya efendi alianza Mzungu, hata kama ni kijana aliyeshuka melini wiki iliyopita. Mahjub alikulia katika maisha hayo ya jeshi, akakijua Kijerumani angali mdogo. Mwaka 1909, alipokuwa na miaka 5, mjini kwao ilisimamishwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani na mtu aliyeliunda jeshi lile. Miguuni pa Wissmann palikuwa na sanamu ya pili: askari Mwafrika, uso ameuinua kumtazama bwana wake. Wissmann alikuwa na jina lake pale. Askari hakuwa na jina. Huwezi kukisoma kisa cha Mahjub vizuri bila kuishika picha hiyo kichwani, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akijaribu kutoka kwenye nafasi ya yule askari wa chini.

Vita vilipoanza Agosti 1914 alikuwa na miaka 10. Yeye na baba yake waliingia vitani wote wawili. Leo tungemwita askari mtoto, na sioni sababu ya kutafuta neno laini zaidi. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wakati wa nguvu zake lilikuwa na askari Waafrika kama 11,000 na Wazungu kama 3,000, lilipigana miaka 4 huku likirudi nyuma: kutoka Tanga na Kilimanjaro, kuvuka reli ya kati, Rufiji, kushuka Lindi, kuingia Msumbiji. Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, bara ya Lindi, karibu na Nyangao, mahali ambapo leo basi la kwenda Masasi hupita bila kupunguza mwendo. Kwa siku 4, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Waafrika walichinjana pale kwa niaba ya wafalme wawili wa Ulaya. Upande wa Waingereza, wengi wao wakiwa askari kutoka Nigeria na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walihesabu zaidi ya watu 2,000 waliokufa na kujeruhiwa. Mahjub alijeruhiwa katika mapigano hayo, kisha akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Nisimame kidogo hapa, maana msomaji wa Tanzania ana haki ya kuuliza: nishani ya nini hasa? Jeshi hilo hilo ndilo lililozima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 kwa kuchoma vijiji na mashamba, njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Katika Vita Kuu pande zote mbili zilinyang'anya chakula vijijini na kukamata wanaume kuwa wapagazi. Jina la Kariakoo limebaki na kumbukumbu ya jeshi la wabeba mizigo la Waingereza, watu waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na kuchoka kuliko kwa risasi. Ukimpa askari wa Mjerumani nishani, mpagazi umpe nini? Sina nia ya kulikwepa swali hili, na jibu langu halimgeuzi Mahjub kuwa shujaa wa taifa. Ninachosema ni chepesi zaidi. Yeye hakuwa akidai nishani kwetu. Alikuwa akidai kwa Mjerumani, kwa sheria za Mjerumani mwenyewe, na kwa sheria hizo alikuwa anastahili.

Sasa tuje kwenye deni. Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Askari waliobaki naye, zaidi kidogo ya 1,100, walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Walipewa vyeti vya karatasi vinavyosema wanadai mishahara, wakaambiwa watalipwa. Ujerumani ikapoteza koloni, Tanganyika ikaingia mikononi mwa Waingereza, na askari waliokwisha kutekwa, kama Mahjub, walikuwa na madai yao pia. Miaka iliyofuata Mahjub alifanya kazi melini, na kufikia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani iliyopita pwani yetu.

Mwaka 1929 alifika Berlin na kwenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake wa vita na wa baba yake. Alijibiwa kwamba amechelewa.

Fikiria maana ya neno hilo. Mtu aliingizwa vitani na miaka 10, akajeruhiwa na miaka 13, akasafiri bahari tatu kufuata rupia za baba yake, na mezani anaambiwa muda wa kudai umepita. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mdaiwa huyu alikuwa na dawa nyingine: kalenda. Kwa maoni yangu siku hiyo ya 1929 ndiyo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata, pamoja na suala la msalaba, na ndipo ninapotofautiana na wanaomwona Mahjub kama mtu aliyependa tu mapambo na gwaride. Mtu akinyimwa fedha anayodai, kitu cha pili anachotafuta ni karatasi inayokiri kwamba alidai kwa haki. Anataka stakabadhi.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akapata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe penye Potsdamer Platz, kwenye baa iliyopambwa kwa mtindo wa Marekani ya Magharibi ambako wahudumu weusi walikuwa sehemu ya mapambo. Januari 1933, siku chache tu kabla ya Hitler kuingia madarakani, alimwoa Maria Schwandner. Alifundisha Kiswahili pia chuo kikuu, kwa malipo madogo, kama msaidizi wa lugha chini ya maprofesa. Darasani kwake walikaa maofisa na polisi waliotarajia kurudi Afrika siku koloni zikirudishwa. Mwalimu wa kweli wa lugha ile alikuwa yeye, na cheo kilikuwa cha mwingine. Ngazi ya efendi ilikuwa imemfuata mpaka ughaibuni.

Julai 13, 1934, Rais Paul von Hindenburg alianzisha Msalaba wa Heshima wa Vita Kuu. Ulikuwa msalaba mdogo wenye tarehe 1914 na 1918 katikati. Wa waliopigana mstari wa mbele ulikuwa na panga mbili zilizopishana. Wa waliohudumu bila kupigana haukuwa na panga. Wajane na wazazi wa waliokufa walipewa wao, mweusi. Hindenburg alifariki Agosti 2 mwaka huo, na vyeti vya msalaba vikawa vinatolewa kwa jina la Hitler. Hii haikuwa nishani ya mashujaa wachache. Haikuhitaji ushahidi wa tendo la ajabu. Ilitaka jambo moja: uthibitishe kwamba ulikuwepo. Uliomba, ukaonyesha karatasi zako za jeshi, ukapewa. Jumla ya misalaba iliyotolewa ilipita milioni 8, na zaidi ya milioni 6 kati ya hiyo ilikuwa yenye panga.

Oktoba 1934 Mahjub aliomba. Akakataliwa. Msalaba, aliambiwa kwa maana hiyo, si wa watu weusi.

Katika uchambuzi wa kisa chochote ni vizuri kutafuta jirani wa kulinganisha naye, na hapa jirani yupo, tena anaumiza. Wanajeshi wa zamani Wayahudi waliupata msalaba huo. Kama Wayahudi 100,000 walilitumikia jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu na 12,000 hivi walikufa. Walipoomba mwaka 1934 na 1935, wengi wao walipewa, na cheti kikaja kwa jina la Hitler, mtu ambaye serikali yake ilikuwa tayari imeanza kuwafukuza kazini na miaka michache baadaye ikawapeleka kwenye vifo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Mahjub alinyimwa kwa sababu tu utawala uliwachukia wasio Waaria. Chuki ilikuwepo kwa wote. Lakini Myahudi aliyepigana alikuwa ndani ya daftari la jeshi la Ujerumani lenyewe, raia wa nchi. Kumfuta kulihitaji sheria mpya, na sheria ilikuwa njiani. Askari wa Afrika Mashariki alikuwa katika daftari lingine tangu mwanzo. Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wafalme, ilikuwa na nishani ya pembeni kwa askari wa makoloni, ili Mwafrika aliyefanya vizuri atuzwe bila kukaa safu moja na Mzungu. Mwaka 1934 Wanazi hawakubuni ubaguzi huu. Waliukuta umewekwa mezani na wafalme waliotangulia, wakautumia.

Ndiyo maana nasema ombi la Mahjub lilikuwa la hatari kuliko linavyoonekana. Hakuomba nishani ya askari weusi. Aliomba ile ile ya kila Mjerumani aliyekuwepo: mwokaji mikate wa Hamburg, mwalimu wa Munich, mkulima wa Pomerania. Kumpa kungekuwa kukiri kwa mhuri kwamba Mahiwa na Verdun, uwanja mkubwa wa vita hiyo kule Ufaransa, ni vita kimoja, na kwamba damu iliyomwagika Lindi inahesabiwa kwa hesabu ile ile. Ofisi ilielewa vizuri alichokuwa anaomba, labda kuliko wanavyoelewa wasomaji wengi leo, ndiyo sababu ikakataa.

Kisha Mahjub akavaa. Picha za miaka ya 1930 zinamwonyesha katika sare ya askari, nishani kifuani, kwenye mikutano ya vyama vilivyodai koloni zirudishwe. Nishani hizo hakupewa na yeyote. Alijipatia mwenyewe, na Berlin ya wakati ule ilikuwa na maduka yanayouza sare na mapambo ya kijeshi. Hapa ndipo wasomaji hugawanyika, na mimi nimebadili mawazo zaidi ya mara moja.

Wa kwanza watasema alikuwa kibaraka. Hoja yao ina uzito. Mikutano ile ilitaka Tanganyika irudi chini ya Ujerumani, na askari mweusi aliyesimama wima na bendera alikuwa hoja hai: tazameni, wao wenyewe wanatutaka. Ni yule yule askari wa miguuni pa Wissmann, safari hii ana mwili na pumzi. Wapo watakaosema alikuwa mwigizaji anayetafuta riziki, na ni kweli kwamba kazi za mtu mweusi katika Ujerumani ile zilikuwa chache na kila mwaka zilipungua. Sare ilikuwa kazi. Aliigiza katika filamu zaidi ya 20, mara nyingi nafasi ndogo za mtumishi, mbeba mizigo, mtu wa nyuma.

Nakubali yote mawili, lakini hayaelezi nishani. Kwa kibaraka au mwigizaji, sare ingetosha. Waandaaji wa mikutano walitaka askari mwaminifu, hawakuhitaji askari aliyetunukiwa. Msalaba uliongezwa na Mahjub, na kila aliyejua kanuni alijua kwamba kifua kile hakikupaswa kuwa nao. Mahali pale alipotumiwa kuonyesha uaminifu wa Mwafrika kwa Ujerumani, alibandika juu ya uaminifu huo bili. Nafikiri aliamini kweli kwamba yeye ni mwanajeshi wa Ujerumani. Sidhani alikuwa akiipinga serikali kama tunavyopenda kuwapamba watu wa zamani ili wafanane nasi. Hilo kwangu linazidisha uchungu wa kisa: hakuwa adui wa waliomnyima. Alichukua ahadi yao kwa uzito kuliko wao.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi la Ujerumani. Alikataliwa tena. Hii ni mara ya tatu ukihesabu: mshahara, msalaba, na sasa bunduki.

Mwaka 1941 ilitoka filamu kubwa ya serikali kuhusu Carl Peters, mtu ambaye huku kwetu alibaki na jina la Mkono wa Damu. Peters alimnyonga mtumishi wake Mwafrika na mwanamke Mwafrika huko Kilimanjaro, na hata serikali ya Ujerumani ya wakati wake ilimfukuza kazi mwaka 1897. Wanazi walimfufua kuwa shujaa. Mahjub alipata humo nafasi yenye maneno, mojawapo ya kubwa alizowahi kupata: Ramasan, msaidizi mwaminifu wa Peters. Mtoto wa efendi, mwalimu wa Kiswahili, anacheza mtumishi wa mtu aliyenyonga mtumishi. Filamu ilianza kuonyeshwa Machi. Aprili aliondoka kwenye kazi yake ya chuo kikuu. Agosti, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ilimkamata.

Kosa lililotajwa lilikuwa uhusiano na mwanamke mzungu, kile walichokiita kuichafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa humo miaka 3. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, na miaka 40.

Kuna mambo mawili ya baadaye ambayo kwangu ni sehemu ya jalada la kisa hiki, ingawa yeye hakuyaona.

La kwanza ni la mawe na shaba. Sanamu ya Wissmann iliondolewa Dar es Salaam na Waingereza, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg pamoja na askari wake asiye na jina, mpaka wanafunzi walipoiangusha katika miaka ya 1960. Mahali ilipokuwa Dar, Waingereza waliweka mwaka 1927 Sanamu ya Askari tunayoizunguka kila siku pale Samora, yenye maneno ya kuwakumbuka askari na wapagazi. Lakini ni wa upande wao. Wa upande wa baba yake Mahjub hawamo katika maandishi yale, japo walizaliwa mji huo huo na mara nyingine nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2007, Brunnenstrasse, Berlin, mbele ya nyumba alimokaa Mahjub, liliwekwa njiani jiwe dogo lenye uso wa shaba, sentimita 10 kwa 10, kama yanavyowekwa kwa wengine waliouawa na Wanazi. Limeandikwa jina lake la nyumbani. Kipande hicho cha shaba ndicho cha kwanza ninachokijua ambacho Ujerumani ilimpa Mahjub bila yeye kuomba.

La pili ni la deni lenyewe. Lettow-Vorbeck alifariki Machi 1964, na mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba dawati la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wachache walikuwa na vyeti vyao vya 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Aliyetumwa kulipa hakuwa na njia ya kumjua wa kweli na wa uongo, mpaka alipopata wazo: akampa kila mzee ufagio, aushike kama bunduki, kisha akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Bega. Chini. Saluti. Zaidi ya miaka 45 ilikuwa imepita, na inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mahjub alikuwa amefika kwenye dawati kama hilo mwaka 1929, na miaka 25, akizungumza Kijerumani chao, na jeraha la Mahiwa mwilini. Wazee wa Mwanza walipopokea fedha zao, yeye angekuwa na miaka 60.